Fungu la Chombo

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga kuhani msiba wa upande wa mama. Hitima ilipokwisha na vijana wakaanza kukunja mikeka, mjomba wangu aliniita nikae naye barazani. Ni mvuvi tangu ubarobaro wake. Sasa amevuka miaka sabini na haendi tena baharini, ingawa kila alfajiri hushuka pwani kutazama vyombo vikirudi. Nilimwamkia, akaitikia, tukajuliana hali. Kisha akaniuliza jambo nililolikwepa kwa muda mrefu. "Mwalimu," alisema, kwani hilo ndilo jina alilonipa tangu nilipoajiriwa chuoni, "ile hesabu yako ya watu wa benki iliishia wapi?"

Nilimjibu kwamba ilinipatia shahada ya uzamili. Ni kweli ilinipatia. Lakini mzee hakuwa akiulizia shahada, na mimi nilijua hivyo.

Wanafunzi wangu wanaonisoma hapa wananifahamu kuwa mtu msumbufu katika mambo ya vipimo. Mtu akiniletea andiko lenye neno "ufanisi", simwachii apite mpaka anieleze ni ufanisi wa nani na umepimwa kwa mizani gani. Baadhi yao hudhani ni ukali wa mwalimu tu. Leo nataka kueleza ukali huo ulianzia wapi, maana gharama yake sikuilipa mimi.

Miaka kadhaa iliyopita benki moja yenye dirisha la Kiislamu ilinikubalia kupekua mafaili yake ya uwezeshaji, kwa sharti kwamba sitaitaja jina wala kumtaja mteja wake yeyote. Sharti hilo naliheshimu hata sasa. Swali la tasnifu yangu lilikuwa jepesi kulitamka: katika mikataba ambayo benki isiyo ya riba huitumia kuwapatia watu mitaji, ni upi wenye ufanisi zaidi?

Kwa wasioizoea mikataba hiyo, nitaieleza kwa ufupi. Uislamu unahalalisha biashara na unaharamisha riba, kwa hiyo benki inayofuata msingi huo haiwezi kumkopesha mtu fedha na kudai nyongeza juu yake. Njia zinazobaki ni za kibiashara. Benki inaweza kununua kitu anachokihitaji mteja, ikamuuzia kwa bei ya juu inayojulikana, naye akalipa kidogo kidogo. Hiyo ndiyo murabaha. Inaweza kununua kitu na kumkodisha. Hiyo ni ijara. Au inaweza kuingia naye ubia: katika musharaka wote wawili hutia mtaji, na katika mudharaba benki hutia fedha, naye mwenzake hutia kazi na ujuzi. Katika ubia faida hugawanywa kwa uwiano waliokubaliana, lakini hasara humwangukia kila mmoja kwa kadiri ya mtaji wake. (Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, husema hata faida lazima ifuate mtaji. Benki nyingi huchukua rai pana zaidi, na kamati za sharia huzikubalia.) Iko pia mikataba mingine, kama salam, ambapo mkulima hulipwa leo kwa mazao atakayoyakabidhi kesho, na mkopo mwema usio na nyongeza yoyote.

Waasisi wa fikra hii walitazamia ubia uwe moyo wa benki. Muhammad Baqir al-Sadr wa Iraq, alipoandika kuhusu benki isiyo ya riba katika miaka ya 1960, aliijenga juu ya mudharaba. Ahmad al-Najjar alipoanzisha benki ya akiba ya Mit Ghamr huko Misri mwaka 1963, akiiga benki za akiba alizoziona Ujerumani, shabaha yake ilikuwa wakulima na mafundi wadogo wa Delta ya Nile. Tangu Dubai Islamic Bank ilipofunguliwa mwaka 1975 benki za namna hii zimeenea karibu kila bara, na katika nyingi ya hizo murabaha na ndugu zake ndizo zilizotawala. Ubia umebaki katika vitabu vya kiada na katika hotuba za ufunguzi wa matawi.

Mimi nilitaka kujua sababu yake kwa tarakimu. Nilichagua njia ambayo wanafunzi wa uchumi na uongozi wa biashara wanaijua vizuri, ile ya kuchora mpaka wa ufanisi. Asili yake ni makala ya Michael Farrell wa Uingereza ya mwaka 1957, na umbo lake la sasa lilitolewa mwaka 1978 na Abraham Charnes, William Cooper na Edwardo Rhodes wa Marekani. Wazo lake ni hili. Unachukua vitengo vinavyofanya kazi ya aina moja, ukaorodhesha kile kinachoingia katika kila kitengo na kile kinachotoka. Hesabu yenyewe hukipa kila kitengo uzito unaokipendelea kuliko vyote, kisha huangalia kama bado kuna vingine vinavyotoa zaidi kwa kutumia kidogo. Vilivyo juu ya mpaka hupata alama ya moja kamili. Vilivyo ndani yake hupata chini ya moja. Uzuri wake ni kwamba kila mtu hupimwa kwa mizani anayoipenda mwenyewe, kwa hiyo akishindwa hapo hana pa kulalamikia.

Nilivyoamini ni hivyo. Niliingiza saa za kazi za maafisa, fedha zilizotolewa na gharama za ufuatiliaji. Kwa upande wa kinachotoka niliweka mapato ya benki na kiwango ambacho marejesho yalifikia matarajio. Murabaha za pikipiki, majokofu na mabati zilipanda juu ya mpaka bila taabu. Ijara zilifuata. Musharaka zilizama, na moja iliyozama kuliko nyingi, yenye alama isiyofika nusu, niliitambua kabla ya kulifungua faili lake. Ilikuwa ya boti ya mjomba wangu.

Hapo ndipo ningepaswa kusimama.

Boti, mashine na nyavu vilikuwa vimegharimu shilingi 18,000,000. Benki ilitia 12,000,000, naye mjomba akatia 6,000,000 alizozipata kwa kuuza dau lake la zamani na dhahabu za mkewe. Faida waligawana nusu kwa nusu, na katika fungu lake mjomba alikuwa akinunua taratibu hisa za benki, ili baada ya miaka michache chombo kiwe chake peke yake. Nakumbuka alivyofurahi. Hakuhitaji kuelezwa musharaka ni kitu gani, kwa sababu watu wa pwani wamekuwa wakigawana hivyo kabla benki yoyote haijajengwa mjini. Samaki wakishauzwa mnadani hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula. Kinachobaki hukatwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia, na nyongeza ya nahodha. Siku ya mawindo mazuri tajiri na baharia hufurahi pamoja. Siku ya kukosa, tajiri hamdai baharia kitu, naye baharia hamdai tajiri. Afisa aliyemletea mkataba alisema benki inataka kuwa tajiri mwenza, na mjomba akaelewa mara moja.

Mwaka wa pili, kusi ilipokuwa kali, mashine ilikufa. Kwa miezi mitatu boti ilikaa juu ya mchanga. Hasara ya kuitengeneza ilifika shilingi 3,000,000. Benki ilibeba 2,000,000 kwa kadiri ya mtaji wake, mjomba akabeba 1,000,000. Mkataba ulifanya kazi yake sawasawa kama ulivyoandikwa.

Sasa tuseme milioni zile 12 zingekuja kwa murabaha, kwa faida ya asilimia 15 kwa mwaka katika miaka miwili. Bei ingekuwa shilingi 15,600,000, yaani 650,000 kila mwezi. Katika miezi ile mitatu mjomba angedaiwa 1,950,000 na mashine ingekuwa yake peke yake kuitengeneza: jumla 4,950,000, wakati chombo hakileti hata samaki wa kitoweo. Chini ya musharaka alitoa milioni moja. Tofauti ya karibu milioni nne ndiyo huduma ambayo mkataba ule ulimpa. Katika jedwali langu huduma hiyo ilionekana mara mbili, na mara zote mbili kama kosa: mapato ya benki yalipungua, na gharama zikapanda. Ni sawa na mtu anayepima kampuni ya bima kwa kuhesabu kila fidia iliyolipwa kuwa dalili ya uzembe.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu. Ile safu ya "rejesho linalotarajiwa" niliichukua katika mfumo wa kompyuta wa benki bila kuuliza nani aliijaza. Musharaka haina rejesho la mwezi lililopangwa; ingekuwa nalo isingekuwa musharaka. Lakini mfumo ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya mikopo, na haukukubali kuhifadhi faili lenye nafasi hiyo ikiwa tupu. Afisa alikuwa ameandika 400,000 kwa kila mwezi ili aweze kwenda nyumbani. Miezi ya kaskazi ambapo fungu la benki lilizidi laki nne, mfumo uliandika "amelipa". Miezi ya kusi uliandika "amechelewa". Mwisho wa mwaka mjomba wangu, ambaye hakudaiwa na mtu, alikuwa ameorodheshwa karibu na mikopo chechefu, nami nikaibeba orodha hiyo hadi kwenye tasnifu nikaiita takwimu.

Baadaye, nikiwa tayari nafundisha, nilisoma habari za Rhodes mwenyewe. Tasnifu yake, ile iliyozaa mbinu yote hii, ilihusu mpango wa serikali ya Marekani wa kuwasaidia watoto wa familia maskini shuleni. Miongoni mwa vitu alivyovihesabu kuwa mazao ya shule kulikuwa na namna mtoto anavyojithamini, iliyopimwa kwa maswali ya kisaikolojia. Chombo hiki kilibuniwa ili kupima yale yasiyo na bei sokoni. Mimi nilikitwaa nikakirudisha kwenye bei.

Sidai kwamba tasnifu ya mwanafunzi mmoja ilibadili mwelekeo wa benki. Taasisi hufanya linalotaka kufanywa, kisha hutafuta karatasi ya kulifunika. Hata hivyo, miezi michache baada ya kukabidhi nakala, meneja mmoja alinionyesha kwa furaha jedwali langu likiwa ndani ya taarifa iliyopelekwa juu. Dirisha lilisimamisha musharaka ndogo. Wabia waliokuwepo walipewa chaguo: kununua hisa za benki zilizosalia kwa mkupuo, au kuzigeuza ziwe murabaha. Mjomba hakutaka deni. Aliuza kipande cha shamba la minazi alichoachiwa na babu yangu, shamba ambalo kitovu cha mama yangu kimezikwa humo, akalipa. Mimi nilihudhuria mahafali mwaka huohuo.

Ni lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili, la sivyo nitakuwa natumia mizani mbovu kwa mara ya pili. Fedha za benki ile hazikuwa za mabwana wasioonekana. Zilikuwa amana za watu: walimu wastaafu, wajane, madrasa, vyama vya kuzikana. Nao pia ni wabia, na hasara ya boti hatimaye ni hasara yao. Benki inayowagawia kidogo kuliko benki ya jirani itawaona wakihamisha amana zao, dini au si dini. Vilevile, udanganyifu katika ubia si hadithi ya maadui wa ubia. Mjomba mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba nahodha wake alikuwa akiwauzia wachuuzi baadhi ya samaki hukohuko baharini kabla chombo hakijagusa mchanga. Fungu lililofika mnadani lilikuwa tayari limepunguzwa. Mchumi yeyote angetabiri hilo: ukigawana na mtu faida ambayo wewe huioni, atakuonyesha sehemu yake tu.

Lakini angalia pwani yenyewe inavyolishughulikia tatizo hili. Tajiri humpandisha chomboni mtu wake. Mnada hufanyika hadharani, na kila mwenye macho anajua chombo cha nani kimeleta nini. Nahodha mwenye jina baya hapati chombo msimu ujao. Afisa wa benki yeye alikuwa akifika ufukweni saa nne asubuhi, samaki wakiwa wamekwisha kuuzwa tangu alfajiri, akaomba kuonyeshwa risiti. Ufuatiliaji ule ulikuwa ghali kweli, kama jedwali lilivyosema. Ulikuwa ghali kwa sababu ulifanywa na watu walioamka wamechelewa.

Murabaha nayo inastahili haki yake. Wanaoiita riba iliyovaa kanzu huwa wanasahau kwamba bei ikishafungwa haiongezeki: mteja akichelewa miezi sita deni linabaki lilelile, na faini, pale inapotozwa, kwa kawaida hupelekwa kwenye mambo ya heri badala ya kuwa mapato ya benki. Kwa mtu aliyewahi kuona mkopo wa kawaida ukizaa riba juu ya riba, hilo ni jambo zito. Lakini waitetezi wake nao wana la kujibu. Ile asilimia 15 niliyoitaja huhesabiwa juu ya milioni 12 zote kwa miaka yote miwili, ilhali mteja anarudisha sehemu kila mwezi. Ukikokotoa juu ya deni linalobaki mkononi mwake, gharama halisi ni zaidi ya asilimia 26 kwa mwaka. Sijakutana na tangazo la benki, ya Kiislamu au nyingine, linaloiandika tarakimu hiyo kwa herufi kubwa.

Nikiwahadithia wanafunzi haya, wengine hudhani dawa ni kuamrisha ubia kwa sheria. Iran ilifanya jambo linalokaribia hilo. Sheria yake ya benki zisizo na riba ya mwaka 1983 iligeuza mfumo wote wa benki wa nchi, na ubia ulipewa nafasi ya heshima miongoni mwa mikataba iliyoruhusiwa. Kwa miaka mingi musharaka imechukua sehemu kubwa ya fedha zinazotolewa na benki za huko, na mtu anayesoma taarifa zao kwa juujuu atasema ndoto ya al-Sadr imetimia. Lakini viwango vya faida huwekewa mipaka mapema na mamlaka za juu, mteja hulipa kiwango "kinachotarajiwa" boti ikivua au isivue, na malalamiko juu ya ankara za kutunga zinazotumika kuhalalisha mikataba yamekuwa ya kawaida kati ya wachumi wa nchi hiyo wenyewe. Kwa hiyo mtafiti anayepima ufanisi wa musharaka kwa kuhesabu ni sehemu gani ya uwezeshaji imeandikwa jina hilo, anapima wino.

Sudan ina funzo ambalo mimi nalipenda zaidi, kwa sababu lilitoka shambani. Benki zilipowalipa wakulima mapema kwa mkataba wa salam, ilitokea bei za mavuno zikaruka juu kuliko bei iliyofungwa, na mkulima akajikuta anakabidhi magunia kwa bei ya kutupwa. Lililofuata lilikuwa ni kuingiza kipengele cha kuondoa dhuluma ya bei: tofauti ikipita theluthi moja, pande mbili hurekebishana, iwe aliyepunjika ni mkulima au benki. Katika jedwali kama langu kipengele hicho kingepunguza alama ya mkataba. Kwa mkulima ndicho kilichomfanya arudi msimu uliofuata.

Wasomaji walio katika utumishi wa umma watauliza wao wanahusikaje. Wanahusika sana, kwa sababu ile safu ya laki nne haikutoka hewani. Fomu za taarifa, kanuni za kuainisha mikopo kwa idadi ya siku za ucheleweshaji, kodi zinazotozwa kila mali inapohama mkono, vyote huandikwa kwa kumfikiria mkopeshaji na mkopaji. Benki inayonunua nyumba ili kumuuzia mteja hufanya mauzo mawili pale ambapo benki ya riba haifanyi hata moja. Uingereza, nchi isiyoweza kushukiwa kuwa na haraka ya kusimamisha sharia, iliondoa kodi ya stempu ya mara mbili katika mauzo ya namna hiyo kupitia sheria yake ya fedha ya mwaka 2003. Hawakuhitaji kuamua mjadala wowote wa kidini. Waliona tu kwamba fomu yao ilikuwa ikimwadhibu mtu kwa umbo la mkataba wake. Mtumishi anayechora fomu ana nguvu kuliko anavyojidhania. Mwenzake aliyeandika programu ile ya benki hajawahi kuiona Tanga, lakini minazi iliuzwa.

Nirudi barazani. Safari hii nilimwambia mjomba yote. Nilimweleza alama aliyopata, jedwali lilikopelekwa, na jinsi shamba linavyohusika. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza nani aliongoza.

"Wanunuzi wa pikipiki na majokofu, mjomba."

"Jokofu lina kusi gani?" akasema, akacheka kidogo. Halafu akanyamaza kwa muda, akichezea mkongojo wake. "Na ile miezi mashine ilipokufa, uliiandikaje?"

"Niliandika sifuri."

"Sifuri." Alilirudia neno lile polepole kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Lakini yule kijana wa benki alikuja mwenyewe na fundi. Tulikaa nao hapa hapa, tukala wali, akatoa fedha za benki, nami nikatoa zangu. Mashine ikapona. Ungeniuliza, Mwalimu."

Sikuwa na la kumjibu. Ningeweza kumwambia kwamba mbinu yangu haikuhitaji mahojiano, na hilo lilikuwa kweli pia. Limeandikwa katika sura ya tatu, ukurasa mzima, kama sifa. Aliponiona nimeinama alimwita mjukuu wake, akamtuma ndani. Mtoto alirudi na madaftari mawili ya shule yaliyofungwa kwa uzi wa nyavu. Sikuwa najua kwamba yapo. Mjomba alikuwa ameandika kila mgao tangu siku boti iliposhushwa majini: tarehe, samaki, bei ya mnada, mafuta, mafungu, na siku ambazo hawakwenda baharini, pamoja na sababu. Pale alipomshuku nahodha ameweka alama ya msalaba mdogo pembeni.

Nimeyachukua kwa ruhusa yake na sasa nayaingiza katika kompyuta jioni, baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Nimeongeza safu ambazo hazikuwepo: hasara iliyobebwa na kila mbia, siku ambazo mabaharia walipata chochote cha kupeleka nyumbani, na kiasi ambacho kingedaiwa laiti mkataba ungekuwa wa deni. Safu ya rejesho linalotarajiwa nimeifuta. Misalaba nayo naiingiza, maana ni mingi kuliko nilivyodhani, na katika miezi ya kaskazi inakula sehemu nzuri ya faida. Sitashangaa musharaka ile ikibaki chini ya moja hata baada ya haya yote. Nimeandika barua kuomba nafasi ya kuona tena mafaili ya wabia wengine waliofungiwa pamoja naye. Bado sijajibiwa.

Jana nilifika Julai ya mwaka wa pili. Kwa wiki tatu mfululizo mwandiko wake unasema neno moja tu, "mashine", na chini yake, katika siku ya Jumatano, ameandika majina ya watu waliokula wali.